Wimbo Wenye Nafasi ya Jina

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katikati ya miaka ya 1980, tulikuwa tunakimbia mchakamchaka. Aliyesoma shule ya msingi enzi hizo hahitaji kuelezwa: vidumu na mafagio tumeviacha chini ya mwembe, vumbi linapanda, mwalimu wa zamu yuko nyuma na fimbo ya mpera. Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya mji wa Mwanza, njia ya Musoma, mahali ambapo jiwe moja ni kubwa kuliko nyumba tatu. Tuliyazunguka mawe hayo tukiimba. Tulimtupa Idi Amin mto Kagera aliwe na mamba, ingawa vita ilikwisha tangu 1979 na Amin mwenyewe alikuwa Saudi Arabia anakula vizuri tu. Tukimalizana na Amin tulihamia kwa Makaburu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona Kaburu. Mimi kwa muda mrefu niliamini ni jamii ya fisi. Hata hivyo kila siku tuliikomboa Afrika Kusini kabla hatujanawa miguu.

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu ya kwanza ya siasa ya rangi. Nimekua, nimesoma, nimesikiliza sana nyimbo za ukombozi, na kila ninapotaka kuzisifia linanirudia swali moja la aibu: wimbo wa kupinga dhuluma ambao mtoto anauimba kwa kuogopa fimbo, unapinga nini hasa?

Aliyenipa mwanga ni mwimbishaji wetu, mvulana wa darasa la sita mwenye sauti kali kama filimbi ya refa. Asubuhi moja, pale tulipozoea kumtaja mkubwa wa Makaburu, alichomeka jina la utani la mwalimu mmoja aliyekuwa akitutoa darasani kwenda kumchotea maji. Kiitikio hakikubadilika hata neno moja. Watoto zaidi ya mia tatu tukaitikia, kwa nguvu ambayo Kaburu hakuwahi kuipata kutoka kwetu. Mwalimu wa zamu akasimamisha mstari. Nani kaimba hivyo? Kimya. Mwimbishaji alikuwa ametaja jina tu. Waliolihukumu jina hilo tulikuwa sisi sote. Walichapwa kumi wa mbele, mkono ukachoka, tukaingia mstarini kuimba "Mungu Ibariki Afrika". Lakini jina lilikuwa limeshatajwa, na mwalimu mwenyewe alilisikia akiwa ofisini.

Makala nyingi kuhusu nyimbo za mapambano husifia maneno: ujumbe mzito, mashairi makali, ujasiri wa msanii. Sibishi. Ila chukua karatasi uandike maneno ya nyimbo zilizowakosesha wakubwa usingizi, uone yalivyo mepesi. Tutashinda siku moja. Hakuna atakayenigeuza njiani. Tumekosa nini? Mwalimu wa fasihi angeyapa alama arobaini na kuandika pembeni "fafanua". Nguvu haiko hapo. Nguvu iko kwenye nafasi iliyoachwa wazi katikati ya wimbo, inayomngoja mtu aweke jina, na kwenye kiitikio kinachoifanya sauti ya aliyeliweka ipotee ndani ya sauti za wengi.

Tazama Albany, jimbo la Georgia nchini Marekani, mwishoni mwa 1961. Watu weusi wanapinga kutengwa katika kituo cha mabasi na kila mahali pengine mjini. Mkuu wa polisi, Laurie Pritchett, ana akili kuliko wenzake wa miji mingine ya Kusini: hataki kupiga watu mbele ya kamera, anawakamata kwa mamia na kuwatawanya kwenye jela za wilaya za jirani ili jela yake isijae. Waandamanaji wana wimbo wa zamani wa kanisani unaosema hakuna mtu atakayenigeuza njiani. Pale penye "mtu" wakaweka Pritchett. Ubeti uliofuata wakamweka meya, Kelley. Baadaye, mahakama ilipotoa amri ya kuzuia maandamano, hata amri hiyo nayo ikapewa ubeti wake.

Sasa fikiria maana yake. Mtu mweusi wa Georgia wakati ule alijifunza tangu utotoni kutomtazama polisi mweupe machoni, na kutomtaja pasipo kumwita bwana. Ghafla watu mia tano wamesimama kanisani wanamtaja Pritchett wazi wazi, kwa mdundo, wakipiga makofi. Hakuna hotuba ingeweza kufanya hivyo. Hotuba ina msemaji, na msemaji ana anwani.

Binti mmoja wa Albany, Bernice Johnson, ambaye baadaye dunia ilimfahamu kama Bernice Johnson Reagon, aliombwa aanzishe wimbo baada ya maandamano. Akachukua wimbo wa kiroho wa kale uliosema juu ya kichwa changu naona taabu hewani. Alipolikaribia neno "taabu" aliona halifai, akaweka "uhuru" hapohapo, na watu wakaupokea kana kwamba ndivyo ulivyotungwa. Chuo alichosoma kilimfukuza kwa kushiriki maandamano. Mwaka 1962 yeye na wenzake watatu waliunda kikundi cha The Freedom Singers, wakazunguka Marekani nzima kwa gari wakichangisha fedha. Ukisoma maelezo yake ya miaka ya baadaye unaona hakujiita mtunzi. Alijiona kiongozi wa uimbaji, ambayo kwa Kiswahili chetu cha mchakamchaka ni mwimbishaji tu.

Wimbo maarufu kuliko wote wa kundi hili, "We Shall Overcome", umepita mikono mingi kiasi kwamba kumtafuta mwenyewe ni kazi bure. Mizizi yake inafika kwenye tenzi za watu weusi wa Marekani. Mwaka 1945 na 1946 wafanyakazi wa kiwanda cha tumbaku mjini Charleston, South Carolina, wengi wao wanawake weusi, waliuimba wakiwa kwenye mgomo, na mmoja wao, Lucille Simmons, alipenda kuuvuta taratibu kama mtu anayekokota jembe kwenye udongo mzito. Ukafika Highlander, shule ya wanaharakati kule Tennessee, ukawafikia waimbaji kama Pete Seeger na Guy Carawan, na mwezi Aprili 1960 Carawan akawaimbisha wanafunzi waliokutana Raleigh kuunda chama chao cha kupinga ubaguzi.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha mwisho wa miaka ya 1950, hapo hapo Highlander. Polisi walivamia usiku, taa zikazimwa, vijana wakaketi gizani huku askari wakipekua mabegi. Msichana wa miaka kumi na minne kutoka Montgomery, Jamila Jones, alikuwa anatetemeka. Akaanza ule wimbo, na gizani akatunga ubeti ambao haukuwepo: hatuogopi. Wenzake wakaitikia. Alikuja kusimulia utu uzima wake kwamba askari mmoja aliuliza kama ni lazima waimbe kwa sauti kubwa hivyo, na kwamba sauti ya askari ndiyo iliyokuwa inatetemeka.

Mtoto anaogopa, anaimba kwamba haogopi, na wenzake wanamsaidia kuuzoea uongo huo mpaka unakuwa kweli. Sijui kama kuna maelezo mafupi kuliko hayo ya kazi ya wimbo.

Nisije nikaeleweka kwamba kiitikio ni ngao isiyopenya risasi. Kuna koo zilizotambuliwa. Vuyisile Mini alikuwa mwana wa chama cha wafanyakazi kule Port Elizabeth, Afrika Kusini, mwenye besi nzito na kipaji cha kutunga. Ndiye aliyetunga "Ndodemnyama we Verwoerd", wimbo wa kumwonya Hendrik Verwoerd, waziri mkuu aliyeujenga ubaguzi ukawa sheria juu ya sheria: mtu mweusi huyo anakuja, jihadhari. Angalia tena: jina. Siyo "mkoloni", siyo "dhalimu", ni Verwoerd. Wimbo ni mchangamfu mpaka mtu asiyejua lugha anaweza kuuchezea harusini. Mini alikamatwa 1963. Akaahidiwa kuokolewa kitanzi ikiwa angetoa ushahidi dhidi ya mwenzake, akakataa. Tarehe 6 Novemba 1964, gerezani Pretoria, yeye na wenzake wawili walinyongwa, na wafungwa waliokuwa karibu walisimulia kwamba walikwenda wakiimba. Mwaka uliofuata Miriam Makeba na Harry Belafonte walikuwa na wimbo ule kwenye santuri iliyouzwa dunia nzima. Serikali ilikuwa imekata koo moja.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu aina nyingine ya wimbo, ule usio na kiitikio. "Strange Fruit" ya Billie Holiday, iliyorekodiwa 1939, inazungumzia watu weusi walioninginizwa mitini kule Kusini. Shairi liliandikwa na mwalimu wa New York, Abel Meeropol. Kampuni kubwa iliyokuwa na mkataba na Holiday haikutaka kulirekodi, ikabidi aende kwa kampuni ndogo. Ukumbini aliliimba mwisho, taa zimezimwa isipokuwa moja usoni kwake, na alipomaliza hakurudi jukwaani hata wakipiga makofi. Huwezi kuuitikia wimbo ule. Umekamilika, unakuacha umekaa na mikono yako. Kazi yake ni kupeleka habari kwa watu ambao hawakuwepo, na hiyo ni kazi kubwa, sawa na aliyoifanya Makeba aliposimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka 1963 na nyimbo zake zikapigwa marufuku kwao. Ila habari ni kitu kimoja na ujasiri ni kingine. Wimbo wa Holiday humwaibisha aliyekaa kwa raha. Wimbo wa Mini humnyanyua aliyelala kwa hofu. Tunapoziweka nyimbo zote kwenye kapu moja la "sanaa ya harakati" tunapoteza tofauti hiyo, na wasanii wetu wa leo, ambao karibu wote wanatunga za aina ya Holiday, hawaelewi kwa nini watu wanazisikiliza, wanazisifia, kisha wanarudi kulala.

Tuje kwetu ziwani, maana jambo hili Usukumani halihitaji mwalimu kutoka Georgia.

Baada ya mavuno, wakati pamba na mpunga vimetoka shambani, Wasukuma wana mashindano ya ngoma ambayo mgeni akiyaona mara ya kwanza anadhani ni fujo. Kuna pande mbili za kale, Wagika na Wagalu. Hazipokezani jukwaa. Zinapiga kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, zimepeana migongo, kila upande na manju wake, yaani mtunzi na mwimbishaji wa ngoma, na wewe mtazamaji unasimama unapotaka. Wimbo ukichusha, unahama. Jua likizama, upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Hakuna jaji, hakuna fomu ya alama. Ukienda Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho aliyoyaanzisha padri wa Kikanada David Clement katika miaka ya 1950, mwezi Juni wakati wa sikukuu ya Bulabo utaziona pande hizo zikishindana mpaka leo.

Manju aliyelelewa kwenye uwanja wa namna hiyo anajua kitu ambacho studio haiwezi kumfundisha mtu. Anajua kwamba wimbo wake hauna thamani mpaka kuna miguu imeufuata. Anawataja watu kwa majina, anawasimanga wapinzani, anaingiza bei ya pamba, anaingiza jina la mtemi aliyekula mifugo ya watu, na ubeti usiopokelewa anautupa hapohapo. Mzee mmoja wa Kisesa aliniambia, "Mwanangu, wimbo mimi naufungulia mlango tu, wakikataa kuingia, nitabaki naimba na ng'ombe."

Na hapa kwetu palikuwa na mengi ya kuimbia. Mwanza ya wakati wa Mwingereza ilipangwa kwa rangi kama rafu za duka: Mzungu juu Capri Point kwenye upepo wa ziwa, Mhindi katikati ya mji kwenye biashara, Mwafrika ng'ambo ya mfereji. Mkulima wa pamba alifika na magunia yake mbele ya mizani asiyoiamini, kwa mnunuzi ambaye hakumwamini, kwa bei iliyopangwa na mtu ambaye hakuwahi kumwona. Vyama vya ushirika vilivyokuja kuungana chini ya Paul Bomani mwaka 1955, vikawa Victoria Federation of Cooperative Unions, vilianzia kwenye ghadhabu hiyo ya mizani.

Juu ya mizani ya pamba kulikuwa na mizani ya siasa. Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipewa viti vya wawakilishi vilivyogawanywa sawa kwa sawa: kumi Waafrika, kumi Waasia, kumi Wazungu. Nchi ilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni 8 na Wazungu kama elfu 20. Hiyo ndiyo iliitwa usawa. Serikali ikataka kupeleka utaratibu wa mchanganyiko wa rangi hadi kwenye mabaraza ya wilaya, na Geita ikawa mahali pa kujaribia. TANU, chama cha kupigania uhuru, ilikuwa imepigwa marufuku Usukumani tangu 1954, kwa hiyo hapakuwa na chama cha kuwasemea watu. Mwaka 1958 wakasema wenyewe. Maelfu waliondoka Geita wakaja Mwanza mjini kumwona mkuu wa jimbo, wakapiga kambi, wakagoma kuondoka mpaka polisi walipowatawanya kwa virungu na mabomu ya machozi. Mwaka huohuo gavana Twining aliondoka, akaja Turnbull, TANU ikafunguliwa Usukumani, na mpango wa mabaraza ya kulazimisha ukafa.

Vitabu vinavyosimulia habari za Geita vinataja idadi, majina ya maofisa, barua na tarehe. Mimi niliyewaona Wasukuma wakienda kulima shamba la jirani kwa ngoma ya bugobogobo, jembe likirushwa hewani kwa mdundo, siwezi kuwawazia watu hao wakitembea kimya kutoka Geita.

Dar es Salaam nako, Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza maelfu ya wanawake kwenye TANU kuanzia 1955, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kabla hajawa mwanasiasa. Wanaume wa chama walikuwa na shahada na katiba. Yeye alikuwa na watu waliozoea kumwitikia.

Lakini mlango anaoufungua manju hauna bawabu. Hili ndilo hatulipendi kulisikia.

Wa kwanza kuingia huwa ni mwenye nchi. Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg, alitunga "Nkosi Sikelel' iAfrika" mwaka 1897 kama sala. Haikuwa na tusi hata moja kwa Mzungu. Ikaimbwa kwenye mkutano wa 1912 uliozaa chama kilichokuja kuitwa ANC, mwaka 1925 ikawa wimbo rasmi wa chama, na kadiri polisi walivyowakuta watu wakiiimba ndivyo sala ilivyogeuka kuwa uasi. Mwaka 1961 Tanganyika ikauchukua muziki huohuo ikaufanya wimbo wa taifa. Kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo, wimbo uleule ambao kijana wa Soweto aliuimba akijua anaweza kupigwa, kijana wa Mwanza aliuimba akijua atapigwa asipouimba. Sauti zilezile. Tukiwa mstarini na miguu ya vumbi hatukuambiwa tunaimba nini. Na huku Mazimbu, Morogoro, kwenye shule ya wakimbizi wa ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, watoto wa rika letu walikuwa wanauimba kwa maana yake ya kwanza, nchi moja na sisi.

Tarehe 15 Machi 1965 rais Lyndon Johnson alisimama mbele ya Kongresi na kutamka maneno ya ule wimbo wa Charleston, tutashinda. Baadhi ya wanaharakati walilia kwa furaha. Wengine waliona wamenyang'anywa kitu. Naelewa pande zote mbili. Baadaye wimbo ukasajiliwa haki miliki, ada zake zikaenda kwenye mfuko wa kusaidia kazi za watu weusi wa Kusini, ikafunguliwa kesi, na ni mwaka 2018 tu ulipotangazwa kuwa mali ya umma. Wafanyakazi wa tumbaku wangecheka.

Wa pili kuingia mlangoni ni umati wenye hasira, nao hutaka jina jipya. Mei 2008, kule Afrika Kusini, makundi ya vijana yaliingia mitaani kuwafukuza Wazimbabwe, Wamsumbiji, Wasomali. Walikufa watu zaidi ya sitini. Katika ghasia hizo ilisikika "Umshini wami", wimbo wa wapiganaji wa zamani wa kuomba bunduki. Kiitikio kilekile. Aliyetajwa ndiye aliyebadilika: si Kaburu tena, ni jirani mweusi anayeuza nyanya. Na kuhusu ule wimbo mwingine wa kumpiga risasi Kaburu, jaji mmoja aliamua mwaka 2011 kwamba ni maneno ya chuki, na jaji mwingine mwaka 2022 akaamua kwamba siyo. Nimesoma hoja za pande zote na nadhani kila mmoja alikuwa anahukumu kitu tofauti. Mmoja alihukumu maneno, mwingine alihukumu historia. Nafasi ya jina haikuitwa mahakamani.

Sisi tuliokoswa na hilo tusijisifu mno. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru, walikuwepo wawakilishi waliotaka uraia wa Tanganyika uwe wa mtu mweusi peke yake. Nyerere alitishia kujiuzulu yeye na serikali yake nzima. Wimbo wa mizani ya pamba, kama ungeachiwa, ungeishia kwenye milango ya maduka ya Wahindi wa Mwanza, na nadhani alilijua hilo vizuri kuliko wengi.

Wa tatu ni mgombea. Huyu simpi zaidi ya sentensi chache. Manju wa Kanda ya Ziwa leo anakodiwa wakati wa kampeni, anapewa fulana, orodha ya majina ya kusifiwa, na spika kubwa juu ya lori. Majina yamejazwa tangu ofisini. Watu wanacheza kwa sababu mdundo ni mzuri.

Nimeyazungumza yote haya kwa sababu kuna ubaguzi wa rangi ambao tunao hapa hapa ufukweni, na sioni ukitajwa kwenye makala za namna hii. Kiswahili kinasema ubaguzi wa rangi. Hakikusema wa taifa wala wa bara. Rangi. Kuanzia mwaka 2007 hivi, mikoa hii ya ziwa ilikuwa na mauaji ya watu wenye ualbino, wakikatwa viungo kwa imani kwamba vinaleta samaki kwenye nyavu na dhahabu kwenye mashimo. Januari 2009 waziri mkuu Mizengo Pinda alilia Bungeni akizungumzia mauaji hayo. Umoja wa Mataifa baadaye ukaitenga tarehe 13 Juni kuwa siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino. Mauaji yamepungua. Neno "dili", ambalo vijana wa stendi humrushia mtu mwenye ualbino akipita, kwa maana ya kwamba mwili wake ni fedha, nimelisikia mwaka huu.

Mwaka 2017 kikundi cha watu wenye ualbino wa kisiwa cha Ukerewe kilitoa albamu. Kikundi kinaitwa Tanzania Albinism Collective, albamu inaitwa "White African Power", na mtayarishaji wake alikuwa Mmarekani Ian Brennan. Nilipoipata niliisikiliza nikiwa kwenye meli ya kwenda Nansio, simu sikioni. Ni nyimbo fupi, nyingi sauti moja au mbili, ala chache. Wanaoimba hawana mafunzo, na hilo linasikika. Hazina kiitikio kikubwa. Mwanzoni nilijisemea, kwa jeuri ya mchambuzi, kwamba hizi ni za aina ya Billie Holiday, za kupeleka habari. Zilisikika London kabla hazijasikika Kirumba, hapa Mwanza.

Kisha nikaona kasoro kwenye nadharia yangu. Nimesema wimbo wa mapambano una nafasi ya jina la mkubwa. Watu wa Ukerewe wangemtaja nani? Hakuna Pritchett. Hakuna Verwoerd, hakuna gavana. Aliyemsema msichana sokoni ni mama anayeuza dagaa meza ya pili. Aliyekataa kushika mkono ni mwana kwaya mwenzako. Mwenye panga, kesi kadhaa zilionyesha, alitoka nyumba ya jirani au nyumba ileile. Ukichomeka jina, nani ataitikia, ikiwa wanaotakiwa kuitikia ndio wenye majina?

Nilitazama abiria wenzangu. Nikachomoa waya wa simu ili wimbo utoke kwa sauti. Mama mmoja aligeuka, akasikiliza kidogo, akauliza, "Hao ni akina nani, kaka?" Nikamwambia. Akasema "Eee," akarudi kwenye mizigo yake. Wimbo ukaisha.

Kuna sehemu ya kisa cha mwimbishaji wetu niliyoiruka. Ushindi wake dhidi ya yule mwalimu ulimpa sifa, na sifa ina njaa. Wiki iliyofuata alihitaji jina jingine. Katika darasa letu la nne kulikuwa na mvulana mwenye ualbino, aliyekimbia mwisho kabisa wa mstari, kofia ya ukili kichwani, mikono mirefu ya shati la kaka yake. Wimbo ulikuwa uleule, nafasi ileile. Mwimbishaji akamweka yeye, kwa lile neno ambalo siku hizi haturuhusiwi kulitamka.

Hakuna aliyesimamisha mstari. Mwalimu wa zamu alicheka. Watoto zaidi ya mia tatu tuliitikia, na mimi sauti yangu naikumbuka, ilikuwa juu. Alikimbia nasi mpaka mwembeni, akachukua kidumu chake, akachukua fagio lake. Kesho yake tulizunguka mawe bila yeye.